Kilo moja na nusu ndani ya asilimia tatu: uchambuzi wa kisa cha Podolsk

Tarehe 9 Oktoba 1992, kwenye stesheni ya treni ya Podolsk, mji wa viwanda ulio kusini mwa Moscow, polisi walikuwa wakiwasaka wezi wa betri. Watu hao waliiba betri kiwandani, na siku hiyo walikuwa safarini. Jirani yao mmoja, mhandisi wa kemia, alikuwa pamoja nao, naye akasombwa kwenye msako uleule. Kwenye mzigo wake betri haikuwamo. Kulikuwa na takriban kilo moja na nusu ya urani iliyorutubishwa hadi asilimia 90, daraja la kutengenezea bomu.

Kiwanda chake, Luch, hakikuwa kimeripoti kupotelewa na chochote. Kilipata habari ya wizi kutoka kwa polisi.

Jina la mtu huyu limeandikwa mara nyingi, nami sina haja nalo. Mimi hufundisha watunza bohari na makarani wa stoo: saruji, mbolea, unga, dawa. Nyuklia haimo kwenye mtaala wangu. Lakini kisa hiki nakirudia kila awamu ya mafunzo, kwa sababu sijapata kingine kinachoonyesha waziwazi hivi jinsi daftari safi linavyoweza kumbeba mwizi mgongoni.

Tuanze na alivyofanya, kwa kuwa mwenyewe alieleza baadaye. Alikuwa amefanya kazi Luch kwa zaidi ya miaka 20, kwenye maabara ambako unga wa urani hupimwa na kuchakatwa. Mwaka 1992 Urusi ilikuwa imetoka tu kwenye kusambaratika kwa Muungano wa Kisovieti. Bei zilipanda zaidi ya mara 20 ndani ya mwaka mmoja, na akiba ya mtu wa mshahara ikageuka karatasi. Alisoma gazetini habari ya mtu aliyeiba urani na kupata fedha nyingi. Alichotaka, kwa maneno yake, ni friji mpya, jiko la gesi, na kuitengeneza nyumba yake. Mnunuzi hakuwa naye. Alikuwa anakwenda Moscow kumtafuta.

Kuanzia mwezi Mei hadi Septemba alichota kidogokidogo, gramu 50 hivi kwa safari, zaidi ya mara 20. Gramu 50 za unga huo mzito haziwezi hata kujaza kikombe cha kahawa. Aliutoa kwenye kichupa cha kioo, akapita getini kama siku zote, na nyumbani akauhifadhi kwenye baraza ya ghorofa, ndani ya chombo cha risasi. Getini hapakuwa na kipima mionzi. Mlinzi aliangalia kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa halali.

Hadi hapo ni hadithi ya mlinzi na geti, na wengi wanaoisimulia huishia hapo. Mimi nadhani kiini chake kiko ndani zaidi, kwenye karatasi ya mizani.

Taratibu za kiwanda ziliruhusu upotevu wa asilimia 3. Kila unga unapochakatwa kuna kinachonata kwenye mabomba, kinachobaki kwenye vichujio, kinachofutwa kwa kitambaa na kutupwa. Hilo ni kweli na halikwepeki. Kosa lilikuwa namna ya kuliandika: badala ya kupima kilichopotea kila mara, walikubali mapema kwamba chochote kilicho ndani ya asilimia 3 ni upotevu wa kawaida. Mhandisi wetu alikuwa fundi mzuri. Alijua kwamba akifanya kazi kwa uangalifu upotevu wa kweli unashuka chini ya hapo. Kilichookolewa na uangalifu wake ndicho alichobeba.

Yeyote aliyewahi kununua mahindi Kibaigwa na kuyashusha Dar es Salaam anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Gunia halifiki na uzito uleule. Yapo yanayokauka, yapo yanayomwagika kwenye turubai, yapo ya panya. Kwa hiyo tajiri anakubali kilo kadhaa za njiani. Lakini dereva na utingo wakishajua kwamba zinazokubalika ni kilo mbili kwa gunia, zitapotea kilo mbili hasa, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi. Ruhusa ya upotevu ni mshahara wa siri kwa anayeijua.

Sasa tazama hesabu yenyewe, maana hapa ndipo mafunzo ya watu wa kazi hii yanapopaswa kukaa muda mrefu. Kanuni ya kuhesabu mali ya nyuklia haina uchawi. Unachukua iliyokuwapo mwanzo, unajumlisha iliyoingia, unatoa iliyotoka, kisha unatoa iliyopo kwa kuipima upya. Kinachobaki ni mali isiyo na maelezo. Kwa kifupi cha Kiingereza wenyewe huita MUF. Katika kiwanda cha unga au kimiminika tarakimu hii haitoki sifuri, kwa kuwa kila mizani ina kosa lake na kila sampuli ya maabara ina lake. Ikitoka sifuri kila mwezi, kuna mtu anatunga.

Swali basi ni ukubwa gani wa tofauti unastahili kumwamsha mtu. Wataalamu wa kimataifa wameweka kiwango cha kosa la vipimo linalotarajiwa mahesabu yanapofungwa: kiwanda cha kutengeneza fueli ya urani, asilimia 0.3, kiwanda cha kuchakata upya plutoniamu, mali nyingine ya bomu, asilimia 1. Weka 0.3 kando ya 3 ya Podolsk. Luch haikulazimika kufuata kiwango hicho, maana Urusi ni dola lenye silaha za nyuklia na haikuwa na wajibu wa kuwafungulia wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, kila kiwanda chake. Lakini ulinganisho unatosha kuonyesha ukubwa wa tundu. Na si haki kuweka tarakimu hizi mbili sambamba bila kueleza: asilimia 0.3 ni kosa la kupima, asilimia 3 ni ruhusa ya kutopima.

Darasani nawapa zoezi lenye tarakimu za kubuni, nyepesi kushika. Mkupuo mmoja wa kazi ni kilo 5 za unga. Ruhusa ni asilimia 3, yaani gramu 150. Upotevu wa kweli ni gramu 100. Mwizi anachukua 50. Karani anaandika upungufu wa gramu 150, anatazama jedwali la ruhusa, anagonga muhuri. Mkupuo wa pili vivyo hivyo. Ukimwambia afanye kazi hiyo mara 1,000, mara zote 1,000 atagonga muhuri, wala hajakosea utaratibu hata mara moja.

Kisha tunabadilisha utaratibu. Vile vitambaa, vichujio na mabaki ya mabombani vipimwe, siyo kukadiriwa. Urani 235, ile aina ya urani inayofanya bomu, hutoa mionzi ya gama yenye nguvu ya kiloelektroni-volti 186, na kipima kilichosawazishwa vizuri, ukikiegemeza kwenye debe la taka na kukiacha kisome, kinaweza kukuambia kilichomo bila kulifungua debe. Zile gramu 100 za upotevu wa kweli zinapata maelezo. Zinabaki 50 zisizo na maelezo.

Je, 50 ni wizi au ni kosa la mizani? Tuseme kiwanda ni cha ovyo na kosa lake la kawaida kwa mkupuo mmoja ni asilimia nzima, gramu 50. Basi 50 peke yake haisemi kitu. Tukusanye. Makosa ya bahati nasibu huvutana: leo mizani imezidisha, kesho imepunguza. Baada ya mikupuo 4 kosa la jumla linakuwa maradufu tu, gramu 100. Baada ya mikupuo 9 linakuwa mara tatu, 150. Wizi hauvutani na kitu, unapanda tu: 50, 100, 150, hadi 450 kwenye mkupuo wa 9. Hapo umefikia mara tatu ya kosa la kawaida, mpaka ambao watu wa takwimu huamka. Mhandisi wa Podolsk alichota zaidi ya mara 20. Kwa mizani mbovu kabisa, lakini yenye mtu anayejumlisha, angeonekana kabla hajafika nusu ya safari zake.

Wanafunzi wakifika hapo hufurahi, nami huwaharibia furaha kwa swali la mizani iliyopinda. Kosa la bahati nasibu hupoozana, lakini mizani inayosoma pungufu kila siku kwa kiasi kilekile haijipoozi. Inapanda kama mwizi, mstari ulionyooka. Ndiyo maana anayeshika daftari anapaswa kujua mizani yake ilihakikiwa lini na kwa mawe gani, na asiridhike na stika ya Wakala wa Vipimo iliyobandikwa ubavuni. Bila hilo siku moja utamshtaki mtu kwa kosa la chuma.

Nirudi Urusi. Mfumo wa Kisovieti haukuwa wa kijinga, na inachosha kusoma waandishi wanaouchekelea. Ulijengwa kwa adui wa nje na raia aliyefungiwa. Miji ya nyuklia ilizungushiwa uzio, barua zilisomwa, mtu hakusafiri bila ruhusa, na mnunuzi wa urani asingepatikana hata kwa taa. Katika mazingira hayo daftari la mali lilikuwa kwa ajili ya mpango wa uzalishaji: kiwanda kimetimiza lengo au hakijatimiza. Milango ya stoo ilifungwa kwa uzi na lakiri ya nta au udongo wa plastisini, ikagongwa mhuri wa mhusika. Ukiona lakiri ni nzima, umemaliza ukaguzi. Na kwa kuwa meneja aliadhibiwa kwa upungufu, wapo waliojifunza kuweka akiba pembeni, nje ya vitabu, ya kuziba pengo siku ya hesabu. Fikiria maana yake kwa mkaguzi: stoo ina mali zaidi ya ile iliyoandikwa. Mali ambayo haimo kitabuni haiwezi kuibiwa kitabuni.

Uzio wa kisiasa ulipoanguka, kilichobaki ni uzi na nta.

Podolsk haikuwa peke yake kwa muda mrefu. Agosti 1994 gramu 363 za plutoniamu zilikamatwa uwanja wa ndege wa Munich kwenye ndege iliyotoka Moscow. Desemba mwaka huohuo kilo 2.7 za urani ya daraja la juu zikakamatwa Prague. IAEA huhesabu kilo 25 za urani 235 katika urani ya daraja hilo kuwa ndiyo kiasi cha kuhofia bomu, kwa hiyo mzigo wa Podolsk ulikuwa mdogo. Lakini alichobeba mhandisi huyu ni kile alichoweza kubeba peke yake, miezi mitano, bila kuulizwa swali.

Marekani na Ulaya zikaingia na fedha, Warusi wakaingia na wataalamu. Kilichokuja kwanza ni chuma na saruji: milango mizito, madirisha yaliyozibwa kwa matofali, mageti yenye vipima mionzi. Naelewa kwa nini. Mlango unaujenga ndani ya mwezi, unaupiga picha, unaipeleka picha bungeni. Mtu anayejua kusoma mstari wa makosa unamlea miaka.

Walau waliliona. Mwaka 1995 kikaanzishwa kituo cha mafunzo cha Obninsk, mji ambako mwaka 1954 kinu cha nyuklia kilianza kutoa umeme kwenye gridi kwa mara ya kwanza duniani. Mahali palichaguliwa vizuri, kwa sababu taasisi ya fizikia iliyopo hapo ilikuwa na mali ya kutisha hesabu: makumi ya maelfu ya visahani vya urani na plutoniamu, vidogo vya kutosha kufichwa kiganjani, vinavyopangwa na kupanguliwa kwenye vinu vya majaribio. Ukitaka kumfundisha mtu kuhesabu, mpeleke mahali ambapo kuhesabu kunauma. Visahani hivyo vilianza kupewa alama za msimbo mistari na kupimwa kwa vyombo badala ya kuaminiwa kwa neno la karatasi. Mwaka 1997 taasisi ya uhandisi wa fizikia ya Moscow, MEPhI, ikafungua shahada ya uzamili ya ulinzi, udhibiti na hesabu ya mali za nyuklia, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 1999. Kabla ya hapo kazi hii ilirithiwa: unakaa kando ya mzee miaka miwili, unaiga mwandiko wake na makosa yake.

Ushirikiano huo ulifikia mwisho wake kwa sehemu kubwa Desemba 2014, siasa zilipochacha. Mageti ya kigeni huzeeka na vipuri hukosekana. Waliosoma wamebaki na walichosoma.

Sasa lawama yangu. Mafunzo mengi ya aina hii, ya Urusi na ya kwingineko, yanamgawa mwanadamu mafungu: walinzi darasa lao, wahasibu darasa lao, watu wa maabara darasa lao. Mwizi wa Podolsk alipita katikati ya mafungu. Mlinzi hakujua kwamba gramu 50 ni kitu. Karani hakujua kwamba asilimia 3 ni nyingi. Mtu pekee aliyeelewa mizani, kemia, daftari na geti kwa pamoja alikuwa yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini methali haikufundishi kupekua nguo. Ningependa kuona mlinzi akipewa kichupa chenye unga wa kitu kizito kisicho na madhara, akibebe mkononi, ahisi uzito, ajaribu kukificha kwenye soksi, apite nacho mbele ya wenzake. Asubuhi moja ya zoezi hilo inazidi wiki ya slaidi. Na karani apelekwe kwenye chumba cha kazi, avae glavu, afute meza kwa kitambaa, akipime kitambaa. Akiona kwa macho yake kwamba kitambaa kina gramu, hataandika tena upotevu kwa mazoea.

Na kuna la pili, ambalo halifundishiki darasani peke yake. Karani aliyegundua tofauti anamwambia nani, na kesho yake anaamka na kazi? Pale ambapo anayeripoti upungufu ndiye anayeulizwa kwa ukali, vitabu vyote vitasawazika. Kanuni ya watu wawili, kwamba asiwepo mtu peke yake na mali, inafanya kazi ikiwa yule wa pili anaweza kusema hapana kwa mkubwa wake. Nimeona stoo za saruji ambako yule wa pili yupo ili kuweka sahihi tu.

Kwetu huku kuna kisa kinachofaa kuwekwa kando ya hiki ili tofauti ionekane. Kinshasa, kwenye kinu cha utafiti kilichojengwa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1950, cha kwanza barani Afrika, vijiti viwili vya fueli vilitoweka. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Kijiti ni kitu kizima chenye namba yake. Hesabu yake ni ya kuku bandani, wapo au hawapo. Hapo huhitaji takwimu, unahitaji mtu wa kufungua banda na kuhesabu, na funguo zisizozagaa. Podolsk ilikuwa hesabu ya unga. Wanaoandaa mafunzo hupenda kuchanganya viwili hivi kwenye kozi moja ya siku tano, na mtu wa unga huondoka na ujuzi wa kuku. Ukanda wetu una amana ya urani ya Mto Mkuju huko Namtumbo, na una mipango ya umeme wa nyuklia inayosemwa Nairobi na Kampala. Ni vizuri watu wajue mapema wanafunzwa hesabu ipi.

Mhandisi alihukumiwa Machi 1993: miaka mitatu ya kifungo cha nje. Wengi darasani hushangaa adhabu kuwa ndogo, na ubishi unaweza kumaliza saa nzima nisipoukata. Naukata kwa karatasi.

Ni karatasi ya zoezi lilelile, safu moja tu ya upungufu, mikupuo 20: 148, 150, 149, 150, 151, 149, 150... Nawauliza wamwone mwizi bila kujumlisha chochote. Kimya. Mara nyingi anayevunja kimya ni mtu wa unga, aliyezoea mashine ya kusaga. Upotevu wa kweli unarukaruka: siku ya vumbi, siku ya bomba kuziba, siku fundi mgeni yuko zamu. Utakuta 80, kesho 130, keshokutwa 95. Safu hii haijawahi kuruka. Imejibana kwenye ruhusa kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo, kichwa kimeinama vilevile kila siku, maana anajua kamba iko wapi.

Nawapa kalamu nyekundu. Wengine huzungushia mkupuo wa tano, ulioigusa kamba kwa gramu moja, wengine wa sita, uliorudi chini yake.